Jinsi ya kupima muda wa signali kwa kaunta ya kadi ya DAQ bila kudanganywa na laptopu

Wakuu habari za saa hizi. Kuna swali naulizwa sana na madogo wanaofanya projekti za mwisho wa mwaka, "bro mbona frikwensi yangu inarukaruka?", na nikiwauliza umepimaje jibu ni lile lile, nimesoma pini ndani ya lupu halafu nikachukua saa ya kompyuta. Siwacheki maana na mimi nilianzia hapo hapo. Nilikuwa napima frikwensi ya jenereta, Python inazunguka inasoma mstari wa dijitali, ikiona umepanda inachukua muda, na namba zikawa zinacheza kati ya 47 na 54 wakati jenereta yenyewe unaisikia kwa masikio imetulia tuli. Nikamlaumu fundi wa jenereta bure. Mkosaji ni Windows, ambayo katikati ya kusoma inaondoka zake kwenda kushughulika na antivairasi, ikirudi milisekunde 2 zimepita na wewe huna habari. Kwa 50 Hz mzunguko mmoja ni milisekunde 20, sasa ukipoteza 2 umeshakosea asilimia 10.

Dawa yake ni kaunta ya ndani ya kadi ya DAQ, ile inayochomekwa kwenye kompyuta kuchukua vipimo. Ni saketi kabisa, sio programu, kazi yake ni kuhesabu tu, na haijali laptopu inafanya nini. Nitatumia mfano wa USB-6211 ya National Instruments kwa sababu ndo ninayoishika, ina kaunta 2 za biti 32 na saa ya ndani ya 80 MHz, yaani pigo moja kila nanosekunde 12.5. Mfano wetu utakuwa ule ule wa kupima frikwensi ya umeme wa jenereta, ukiuelewa huo spidi ya mota, muda wa rilei na vingine vyote vinafuata.

Hatua ya 1: jua kadi yako inaweza nini kabla hujaanza

Hapa watu wanapoteza hela. Neno "kaunta" kwenye boksi halimaanishi kitu kimoja. USB-6008 na 6009, zile za bei nafuu, zina kaunta moja ya biti 32 lakini inachojua ni kuhesabu kingo za kushuka tu, yaani kila signali inapotoka juu kwenda chini, basi, haipimi urefu wa pulsi wala muda wa mzunguko. Nimeshaona mtu kainunua kwa ajili ya enkoda ya mota akaishia kuitumia kusoma volti. Kwa hiyo fungua karatasi ya maelezo ya kadi utafute vitu vitatu: kaunta zipo ngapi, saa yake ya ndani ni ya kasi gani, na biti ngapi.

Biti zina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kaunta ya biti 32 inahesabu hadi 4,294,967,295 halafu inarudi sifuri, sasa kwa 80 MHz hiyo ni sekunde 53 na ushee. Ukitaka kupima kitu cha dakika 2 itakuwa imeshazunguka na kuanza upya, unapata namba nzuri kabisa ambayo ni ya uongo. Ndo maana kadi ina saa nyingine za polepole, 20 MHz na 100 kHz, ukitumia hiyo ya mwisho unafika karibu masaa 12 kabla ya kujaa.

Hatua ya 2: amua nani anamhesabu nani

Hii ndo hatua ambayo ukiikosea kila kitu kinachofuata ni kupoteza muda, kwa hiyo tulia kidogo hapa.

Kuna namna mbili. Ya kwanza, unafungua mlango kwa muda unaojulikana, tuseme sekunde 1, unahesabu kingo ngapi za signali zimepita. Ya pili ni kinyume chake, signali yenyewe ndo inafungua na kufunga mlango, na unachohesabu ni mapigo ya saa ya kadi yaliyopita katikati. Zote mbili zina kosa la pigo moja, plas au mainasi, kwa sababu mlango hauwezi kufunguka sawasawa na pigo. Sasa angalia hilo pigo moja linavyouma tofauti:

Jenereta ya 50 Hz kwa njia ya kwanza, ndani ya sekunde 1 unapata kingo 50, ukikosea 1 ni asilimia 2. Yaani huwezi kutofautisha 50 na 51, kipimo hakina faida. Jenereta hiyo hiyo kwa njia ya pili, mzunguko mmoja una mapigo 1,600,000 ya 80 MHz, ukikosea 1 ni moja katika milioni 1.6 na jibu unalipata kila mzunguko, sio kila sekunde.

Geuza sasa. Signali ya 1 MHz kwa njia ya pili ina mapigo 80 tu kwa mzunguko, ukikosea moja ni asilimia 1.25. Kwa njia ya kwanza una kingo milioni ndani ya sekunde, kosa la moja hulioni hata kwa miwani.

Kwa hiyo signali ya polepole ihesabie saa ya kadi, signali ya haraka ihesabu yenyewe. Mpaka uko wapi? Gawanya kasi ya saa ya kadi kwa muda wa mlango halafu chukua kipeuo cha pili, kwa 80 MHz na mlango wa sekunde 1 unapata karibu 8,944 Hz. Chini ya hapo njia ya pili inashinda, juu ya hapo ya kwanza. Mlango ukiwa wa sekunde 0.1 mpaka unahamia karibu 28,000 Hz.

Kwenye draiva ya NI-DAQmx njia hizi zina majina yake. Ile ya kuhesabu saa ya kadi inaitwa LOW_FREQUENCY_1_COUNTER, ile ya mlango wa muda ni HIGH_FREQUENCY_2_COUNTERS, na kuna LARGE_RANGE_2_COUNTERS ambayo inagawanya signali kwanza, mfano kwa 1,000, halafu inapima hiyo mizunguko 1,000 kwa pamoja. Hizo mbili za mwisho zinakula kaunta zote mbili za 6211, kwa hiyo ukizitumia usitegemee kubaki na kaunta ya kufanya kitu kingine. Kwa jenereta yetu ni LOW_FREQUENCY_1_COUNTER, kaunta moja inatosha.

Hatua ya 3: leta signali ikiwa safi na salama

Volti 230 haiingii kwenye kadi, hilo tusijadiliane. Pini za PFI, zile za kadi zinazopokea signali ya kaunta, ni za volti 5, chini ya 0.8 inasoma sifuri, juu ya 2 inasoma moja, na hapo katikati ni bahati nasibu.

Mimi natumia trafo ndogo ya 230 kwa 9 volti, ile ya kawaida tu ya duka la spea za elektroniki. Kilele cha volti 9 AC ni kama 12.7, napitisha kwenye rezista ya kilo-om 2.2 kwenda kwenye taa ya ndani ya optokapla PC817, kile kifaa kinachopitisha signali kwa mwanga bila pande mbili kugusana kwa waya, inapita kama miliampia 5. Sambamba na hiyo taa weka dayodi 1N4148 ikiangalia upande wa pili, kwa sababu taa ya PC817 haivumilii zaidi ya volti 6 kinyume na kila nusu mzunguko inapigwa kinyume. Watu wanairuka hiyo dayodi, optokapla inafanya kazi wiki moja halafu inakufa, wanasema walipewa feki. Upande wa kutokea, kolekta inavutwa volti 5 kwa rezista ya kilo-om 10, emita inaenda D GND ya kadi, yaani ardhi ya dijitali.

Sasa hapa ndo kuna mchezo wenyewe. Umeme ni wimbi laini, haurukii kutoka sifuri kwenda juu, unapanda taratibu. Optokapla nayo inawaka taratibu hivyo hivyo, kutoka imezima hadi imewaka kabisa inachukua mamia ya maikrosekunde. Kwako wewe hiyo ni kufumba na kufumbua, ila kwa kaunta inayopiga kila nanosekunde 12.5 hiyo ni kutwa nzima, ndani ya maikrosekunde 300 kuna mapigo 24,000. Signali inakaa pale katikati ya 0.8 na 2 inatetemeka na noizi kidogo, na kila mtetemo kaunta inauona kama ukingo mpya. Utapata frikwensi ya 50, 50, 50, halafu ghafla 31,000, halafu 50 tena. Jenereta ndogo ni wabaya zaidi kwa hili kuliko gridi, wimbi lake limejaa miiba.

Dawa ni 74HC14 kati ya optokapla na kadi. Hiyo ni geti ya Schmitt, inapanda kwa volti moja na inashuka kwa volti nyingine, pengo lake ni karibu volti 1 ukiilisha volti 5, kwa hiyo mtetemo mdogo hauiyumbishi na ukingo unaotoka ni mkali kama wembe. Chipu yenyewe ni ya bei ya soda. Ila kumbuka inageuza signali, juu inakuwa chini, kwa mzunguko haina shida lakini ukipima upana wa pulsi utachanganyikiwa.

Na tukiwa kwenye upana, usijaribu kupata frikwensi kwa kupima nusu mzunguko ukazidisha kwa 2. Taa ya optokapla haiwaki wimbi likiwa sifuri, inasubiri volti zipande kwanza, kwa hiyo pulsi yako itakuwa kama milisekunde 9 badala ya 10, na volti za jenereta zikishuka pulsi inazidi kusinyaa. Pima kutoka ukingo wa kupanda hadi ukingo mwingine wa kupanda, hilo kosa linajifuta lenyewe maana liko sawa pande zote.

Hatua ya 4: iambie kadi

Signali nenda nayo PFI 1, waya wa pili D GND, na hizo waya mbili zisokote pamoja kama ni ndefu. Kwenye Python una maktaba ya nidaqmx, unatengeneza kazi, unaongeza chaneli kwa add_ci_freq_chan kwenye Dev1/ctr0, njia ni ile LOW_FREQUENCY_1_COUNTER. Usiache pini iwe ya kubahatisha, iandike mwenyewe:

chaneli.ci_freq_term = "/Dev1/PFI1"

Kila aina ya kadi ina pini yake ya kuanzia, na kuna siku nilihangaika asubuhi nzima na programu iliyokuwa inafanya kazi vizuri kabisa kwenye kadi nyingine, kumbe inasikiliza pini ambayo haina waya.

Halafu min_val na max_val, yaani frikwensi ya chini na ya juu unayotegemea. Wengi wanadhani ni za kuchora grafu. Draiva inazitumia kuchagua saa ipi ya ndani itumike ili kaunta isijae, kwa hiyo weka ukweli, kwa jenereta mimi naweka 40 na 60. Ukiweka 0.001 eti uwe salama unaweza kupewa saa ya polepole na usahihi wote wa Hatua ya 2 ukapotea bila hata onyo.

Mwisho washa cfg_implicit_timing kwa mtindo wa kuendelea. Maana yake kila mzunguko wa signali unazalisha namba moja inaingia kwenye bafa, wewe unachota 50 kwa mpigo, kama sekunde 1 ya umeme. Laptopu ikichelewa kuchota haina shida, muda ulishapimwa na kadi, zimebaki namba tu zinasubiri kwenye foleni. Sampuli ya kwanza itupe, kaunta inaweza kuwa imewashwa katikati ya mzunguko.

Makosa mawili utakutana nayo. -200284 maana yake umesubiri na sampuli hazikutimia, mara nyingi waya umechomoka, au pini siyo, au jenereta imezima. -200141 ni kinyume, namba zimekuja haraka hadi zimeandikwa juu ya zingine kabla hazijasomwa. Kwenye jenereta ukiiona ya pili usikimbilie kurekebisha kodi, rudi Hatua ya 3, una noizi.

Hatua ya 5: filta ya kadi, tumia lakini kwa akili

Kadi ina filta yake ya dijitali kwenye hizo pini, zina ngazi tatu: nanosekunde 125, maikrosekunde 6.425 na milisekunde 2.56. Pulsi fupi kuliko hapo inapuuzwa. Kwa 50 Hz ile ya milisekunde 2.56 inafaa kabisa maana nusu mzunguko wako ni karibu 9. Unaiwasha kwa ci_freq_dig_fltr_enable na kuandika upana kwenye ci_freq_dig_fltr_min_pulse_width. Haiharibu kipimo cha mzunguko kwa sababu inachelewesha kila ukingo kiasi kile kile. Lakini isiwe sababu ya kuruka 74HC14, filta ni mlinzi wa pili.

Inapokuumiza ni kwenye kupima kati ya signali mbili. Mfano unataka kujua rilei inachukua muda gani toka koili ipate amri hadi mguso ufunge. Hapo unatumia add_ci_two_edge_sep_chan, amri ya koili inaingia pini moja kama ukingo wa kwanza, mguso unaingia pini nyingine kama ukingo wa pili, kaunta inapima pengo. Ukiwasha filta ya milisekunde 2.56 upande wa mguso tu, umeongeza milisekunde 2.56 kwenye jibu bila kujua. Iwe pande zote au zima kabisa. Mimi nazima, rilei yangu ya bluu ya volti 5 ilinipa milisekunde 6 na kitu, kisha nachukua sampuli moja tu kwa kila amri, kwa sababu mguso ukifunga unadundadunda mara kadhaa kabla ya kutulia na sina haja na hizo dundo.

Hatua ya 6: saa ya kadi nayo ipime

Tumesema kosa ni moja katika milioni 1.6, ila hiyo ni hesabu ya mapigo tu. Saa yenyewe ya 6211 inaruhusiwa kukosea sehemu 50 katika milioni. Kwa saa ya ukutani hiyo ni kama sekunde 4 kwa siku, kwa 50 Hz ni 0.0025 Hz. Kwa hiyo ukiniandikia frikwensi ni 50.000137 nitajua hukuisoma karatasi.

Kwa jenereta 0.0025 inatosha na inabaki. Ukitaka zaidi kuna njia ya bei rahisi: moduli ya GPS kama NEO-6M ina pini inayotoa pulsi 1 kila sekunde ikishashika setilaiti, ni volti 3.3 ambayo inavuka ile 2 ya kadi bila shida. Pima mzunguko wa hiyo pulsi kwa add_ci_period_chan, vipimo weka TICKS, saa weka /Dev1/80MHzTimebase, na hapo min na max nazo ziandike kwa mapigo. Ingekuwa saa kamili ungesoma 80,000,000. Ukisoma 80,001,600 saa yako inakimbia kwa sehemu 20 katika milioni, hiyo namba iandike kwa maka pen juu ya kadi, na kila frikwensi utakayopima izidishe kwa 1.00002. Ukiona tofauti inazidi 4,000 ama GPS haijashika setilaiti vizuri ama kadi ina ugonjwa. Iache iwe na moto nusu saa kwanza, kadi baridi na kadi moto hazisomi sawa.

Kama huna kadi kabisa

Arduino Uno itakubeba sehemu fulani. Usitumie pulseIn, ile amri ya programu ya kupima pulsi, tumia Taima 1 kwa mtindo wa kukamata, pini 8. Hiyo nayo ni kaunta ya ndani ila ni ya biti 16, inajaa 65,536 tu, kwa 16 MHz ni milisekunde 4 na umeshajaa, wakati mzunguko wetu ni 20. Gawanya saa kwa 8, kila pigo linakuwa maikrosekunde 0.5, mzunguko wa 50 Hz unakuwa mapigo 40,000 na unaingia. Shida ya Uno ni saa yake, ni rezoneta ya seramiki badala ya kristali, kosa la asilimia 0.5 ni la kutegemea, hiyo ni robo Hz nzima kwenye 50. Kuona jenereta inayumba inafaa, kusema inayumba kwenye frikwensi gani hasa hapana, labda uipime na GPS kwanza.

Hatua ya 7: ukishapata namba

Chora mzunguko kwa mzunguko, usikimbilie wastani. Siku ya kwanza nilipopata signali safi nilikuwa na jenereta ndogo ya nguzo 2, ya mizunguko 3,000 kwa dakika, gavana yake, yaani kidhibiti cha spidi, ya springi. Bila mzigo ilikaa 51.8. Nikachomeka pasi ya nguo, na kwenye grafu ikaonekana inavyoporomoka mzunguko baada ya mzunguko hadi 48 na kitu, gavana ikafungua mafuta, ikapitiliza hadi juu ya 51, ikarudi, ikatulia 50.1. Yote hayo ndani ya sekunde moja na nusu, na mita ya kwenye paneli muda wote huo iliandika 50. Kwa hiyo kwenye faili lako weka safu mbili, namba ya mzunguko na frikwensi yake, na ukichomeka kitu andika pembeni ulichomeka nini, kesho hutakumbuka hilo bonde lilikuwa la pasi au la friji.